Je, kumtaja aliyenibaka ni kusengenya?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nilipokuwa na miaka 12 mwalimu wangu wa chuo aliniingilia kwa nguvu. Hadi leo anasomesha watoto, na mabinti wawili wameniambia yaliwafika hayohayo. Nataka kuweka jina na picha yake Facebook. Imamu wetu amenikataza: eti bila mashahidi wanne nitastahili viboko 80, na Muislamu husitiriwa. Nifanyeje? (Dada, Tanga)

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yangu. Kwanza lijue hili: hukutenda dhambi yoyote, na heshima yako kwa Allah haikupungua.

Jibu ulilopewa silikubali. Aya ya 4 ya Surat An-Nur iliteremka kuwalinda wanawake wenye kujihifadhi wasitupiwe neno la zinaa. Leo inachukuliwa kumziba mdomo mwanamke aliyebakwa! Ni mbakaji gani anayengoja watu wanne wafike ndipo atende? Tirmidhi, mkusanyaji wa Hadithi, amepokea kwa Sahaba Wail bin Hujr kwamba mwanamke alivamiwa njiani akienda kuswali, akapiga kelele, jambo likafika kwa Mtume (s.a.w.). Hakudaiwa mashahidi wanne wala hakuambiwa anasengenya. Aliambiwa: "Nenda, Allah amekusamehe." Na Allah anasema katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, kwamba hapendi uovu utangazwe, isipokuwa na aliyedhulumiwa.

Ama sitara, Imamu Nawawi ameeleza kuwa ni ya mtu asiyejulikana kwa ufisadi. Anayejulikana kwa kudhuru watu hasitiriwi, hupelekwa kwa mwenye mamlaka. Anayemsitiri mwalimu huyu leo anamkabidhi watoto wengine, na atalijibu hilo mbele ya Mola wake.

Lakini Facebook sikushauri. Katika kisa kilekile mwanamke yule, kwa taharuki, alimwonyesha kwanza mtu asiyehusika, na mtu huyo akakaribia kuadhibiwa mpaka mhalifu mwenyewe aliposimama akakiri. Wewe mwalimu wako unamjua, huwezi kumkosea. Anayesoma ukurasa wako hana njia ya kulijua hilo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamtishia anayechapisha habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Akiwahi kukushitaki, yeye ndiye mlalamikaji, na utahangaika kujitetea wakati yeye yuko chuoni na watoto.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ufuatane na mtu unayemwamini. Usikate tamaa kwa kuwa miaka imepita na huna PF3, fomu ya polisi ya kupimwa hospitali. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2006 kuwa ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa, na sheria inaruhusu kutia hatiani kwa neno lake peke yake mahakama ikiridhika kuwa ni mkweli.

Wazazi wenye watoto pale waambie ana kwa ana, usingoje hukumu. Fatima bint Qays alipoposwa, Mtume (s.a.w.) alimtahadharisha kwa kumtaja Abu Jahm kwa jina, kuwa fimbo haimtoki begani, yaani ni mpigaji. Hiyo ni nasaha kwa anayehusika.

Mabinti wale wawili usiwataje popote, hata kwa herufi za mwanzo, bila ridhaa yao. Ikiwa yupo aliye bado mtoto, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto.