Saa ya ofisini inasema nina msongo kila jioni. Niiamini?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mhasibu, ofisi iko Posta, nyumbani Chanika, hapa Dar es Salaam. Mwajiri ametugawia saa janja, na takwimu zetu zinaonekana kwa afisa rasilimali watu. Yangu kila jioni inaandika "msongo uko juu", na usingizi haufiki saa 6. Bosi hutuma ujumbe wa kazi hata saa 4 usiku na anataka ajibiwe. Je, moyo wangu una hitilafu? Na naruhusiwa kuivua?

Jibu: Marahaba dada. Alama hiyo peke yake haimaanishi moyo unaumwa.

Saa haioni msongo. Chini yake kuna taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga huo, hivyo kila moyo unapopiga, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Hapo ndipo saa inapata mapigo, na inapima pia nafasi kati ya pigo na pigo. Ukiwa umetulia, nafasi hizo hupishanapishana. Mwili ukielemewa, huelekea kulingana. Sasa jioni umesimama kwenye daladala iliyojaa, joto, jasho, maji hujanywa tangu mchana: alama itapanda hata kama moyoni huna wasiwasi wowote. Mkanda uliolegea nao huvuruga vipimo, na piko nzito kwenye kifundo cha mkono inaweza kuziba mwanga.

Namba ya kufuatilia ni mapigo ya asubuhi kabla hujainuka kitandani. Kwa mtu mzima kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika. Linganisha ya wiki hii na ya wiki iliyopita, zako mwenyewe, si za mwenzako. Yakizidi 100 mara kwa mara ukiwa umetulia, nenda upimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na wingi wa damu, maana upungufu wa damu huongeza mapigo. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kuzimia, usisubiri saa ikwambie, wahi hospitali.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usingizi. Mgawanyo wa "usingizi mzito" na "mwepesi" usikusumbue, kwa sababu maabara husoma mawimbi ya ubongo kwa nyaya zinazobandikwa kichwani, wakati saa inakisia kwa mapigo na mtikisiko wa mkono. Ukikaa macho kimya kitandani, inaweza kuandika umelala. Kwa hiyo huenda unalala pungufu hata ya hizo saa inazoonyesha, na mtu mzima anahitaji angalau 7.

Hapo saa haina dawa. Ukimjibu bosi saa 4 usiku na kuanza kazi saa 2 asubuhi, umepumzika saa 10, tena ukitoa na safari ya Chanika hadi Posta zinabaki chache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Andika kwenye daftari saa ya kila ujumbe na saa uliyolala, kwa wiki 2, kisha peleka karatasi hiyo kwa mwajiri, ukiwa na wenzako kama wapo tayari. Mwajiri anayejali afya zenu aanzie hapo, kabla ya kununua kifaa chochote.

Kuhusu kuivua: taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kimsingi zinahitaji ridhaa yako ya maandishi, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa. Kama hukusaini chochote, uliza kwa barua nani anaziona, zinatunzwa muda gani, na kama zinaingia kwenye tathmini ya utendaji. Mimi ningependekeza ofisi ipate wastani wa idara tu, bila majina. Wakikaa kimya, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; ambatisha nakala ya barua yako.