Kabla hujampa dereva IST yako: niliyoyaona mwaka ule kamisheni iliposhushwa

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Vibali gani vinatakiwa ili Toyota IST yako ifanye teksi ya mtandao hapa Dar, kama ni kweli LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, "waliua biashara" mwaka 2022 waliposhusha kamisheni ambayo kampuni za mtandao humkata dereva, na hesabu ya haki, yaani pesa ambayo dereva anampelekea mwenye gari, ni shilingi ngapi. Waliotangulia hapa jukwaani wamelijibu la kwanza vizuri, la pili wamelijibu kwa ushabiki, la tatu wamelipita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Nami nimo kwenye kazi hii tangu 2009, kwa hiyo vumilia, jibu ni refu.

Vibali nivimalize haraka. Namba ya njano ni ya gari binafsi. Likianza kubeba abiria kwa malipo linatakiwa namba nyeupe, na mabadiliko hayo unayafanya Mamlaka ya Mapato (TRA), ambako pia utakadiriwa kodi. Gari likaguliwe. Dereva awe na leseni ya daraja la C, maana D ni ya gari binafsi, ya kupeleka watoto wako shule. Bima iwe ya gari la biashara. Usidanganyike kwamba bima kubwa ya gari binafsi inatosha: siku ukigonga watakuuliza gari lilikuwa kazini au matembezini, na simu ya abiria wako ndiyo itakayojibu. Mwisho, leseni ya usafirishaji ya LATRA, unaiomba kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na inatoka kwa jina lako wewe mwenye gari. Hilo la jina likumbuke, nitalirudia.

Sasa la 2022.

Wengi humu mlianza kupanda teksi wakati simu inaita gari, kwa hiyo mnadhani kabla ya hapo ilikuwa vurugu tu. Haikuwa hivyo. Nilianza na Corolla ya watu pale Sinza. Nilipofika kijiweni sikuulizwa leseni, niliulizwa kiingilio. Nikalipa, nikaandikwa kwenye daftari, nikapewa zamu. Ukiruka zamu ya mwenzio unapigwa faini, ukimtukana abiria unakaa benchi siku tatu, ukifiwa unachangiwa. Ubavuni gari lina mstari wa rangi, na asiye na mstari tulimwita teksi bubu, tukamfukuza kuliko hata askari alivyomfukuza. Bei ilikuwa ya kupatana dirishani. SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, tulikuwa tunaisikia zaidi kwenye habari za mabasi na daladala. Aliyetusimamia hasa alikuwa mwenyekiti wa kijiwe, mzee mmoja aliyekuwa na filimbi shingoni na hakuwahi kuipuliza.

Uber wakaingia Dar mwaka 2016. Kijiwe kilicheka mwezi mmoja. Mimi niliingia 2017, baada ya kukaa zamu yangu kutoka asubuhi mpaka saa tisa alasiri bila kichwa, yaani abiria, hata kimoja huku nikiangalia magari yenye namba za njano yakichukua watu mita hamsini kutoka pale nilipo. Teksi bubu zilikuwa zimehalalishwa na simu, ndivyo tulivyoliona jambo lile. Serikali ilikuja nyuma. LATRA yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya 2019 kuchukua kazi za SUMATRA za nchi kavu, na ndipo mambo ya namba nyeupe na leseni kwa magari ya mtandao yakaanza kukazwa. Waliokasirika walikuwa wengi. Mimi sikukasirika, kwa sababu miaka yote nilikuwa ndani ya mstari wa rangi nikishindana na mtu asiyelipa chochote.

Novemba 2020 nikapata nilichokuwa nakitafuta: gari la mkataba. IST, shilingi 180,000 kwa wiki, wiki 104, ukimaliza kadi ya gari inahamishiwa kwako. Piga hesabu mwenyewe, ni 18,720,000. Ghali, ndiyo. Lakini ni nani mwingine angenikopesha gari, mimi niliyekuwa sina hata kiwanja cha kuweka rehani? Karatasi ya mkataba ilikuwa moja, imeandikwa kwa mkono, upande mmoja. Tulisaini juu ya boneti. Nakala yangu ilikuwa picha niliyoipiga kwa simu.

Siku yangu ya kawaida ilikuwa hivi. Safari kumi, wastani wa 8,000, jumla 80,000. Kampuni inakata asilimia 25, yaani 20,000. Mafuta 25,000, maana kila safari ina safari yake tupu ya kumfuata abiria, na foleni ya Mwenge haichomi upepo. Inabaki 35,000. Tajiri, yaani mwenye gari, kwa siku sita za wiki, ni 30,000 kila siku. Mimi na familia tunabaki na 5,000, na humo ndimo mna kuosha gari, kula mchana na vocha ya intaneti. Saa kumi na nne barabarani.

Sasa angalia tena hizo namba, mkuu, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu yote. Mkato mkubwa kuliko yote haukuwa wa kampuni. Mafuta yalikula zaidi ya kampuni, na tajiri alikula zaidi ya mafuta. Lakini kwenye makundi yetu yote ya WhatsApp, usiku na mchana, tulikuwa tunalia na asilimia 25. Kampuni iko mbali, haikufahamu, unaweza kuitukana bila hofu. Tajiri anakaa mtaa wa pili na ana funguo ya akiba.

Mwanzoni mwa 2022 bei ya petroli ikawa inapanda. Kelele zikawa kubwa, LATRA wakasikia, wakatoa nauli zao na wakaamua kamisheni isizidi asilimia 15. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu: kwa siku ileile ya 80,000, kamisheni inashuka kutoka 20,000 mpaka 12,000, na mimi nabaki na 13,000 badala ya 5,000. Kuna jamaa alinunulia kijiwe kizima soda.

Uber wakasema kwa masharti hayo hawawezi. Aprili wakasimamisha huduma.

Watu humu mmeandika kwamba dereva angehamia programu nyingine tu. Tulihamia wote, siku moja. Ndilo tatizo. Abiria wangu wa Masaki na Mikocheni hawakuhama kwa kasi ileile, na huko nilikokwenda nilikuwa mgeni asiye na nyota hata moja ya kupewa na abiria, nimepanga foleni nyuma ya madereva wenyeji ambao nao walikuwa wanalia kwamba wageni tumewajazia. Safari kumi zikawa nne. Kuna siku nilizima simu saa mbili usiku nikiwa na 31,000 mfukoni kabla ya kutoa mafuta.

Hesabu haikushuka. Nilimpigia tajiri, nikamweleza, akanisikiliza vizuri tu. Akasema na yeye ana mkopo wa benki alionunulia hilo gari, na benki haijui kama Uber wameondoka. Alikuwa anasema kweli. Wiki ya kwanza nikapeleka 140,000. Ya pili 110,000. Ya tatu sikupeleka kitu kwa sababu bushi za mbele zilikufa na fundi alitaka chake kwanza.

Mwanzoni mwa Juni, wiki ya 81, nikaamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta nafasi ya gari ni tupu, pale ninapolilaza. Mlangoni kulikuwa na mfuko wa rambo: chaja yangu, kitambaa cha vioo, kandambili, na chupa ya maji iliyobaki nusu. Alikuwa mstaarabu, hakutaka nipoteze vitu. Nilikuwa nimeshamlipa zaidi ya milioni 14.

Nikaenda ofisi moja kuuliza. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu, akaangalia namba ya gari, akaniambia gari lina leseni halali, mwenye leseni ni fulani, na fulani hajalalamika. Nikamwonyesha picha ya mkataba. Akasema hayo ni makubaliano yenu binafsi, jaribu serikali ya mtaa au mahakamani. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele yangu na tajiri: "Dereva akichelewesha hesabu kwa wiki mbili mfululizo gari litarudi kwa mwenyewe." Akanitazama juu ya miwani. "Sahihi hii ni yako?" Ni yangu.

Ndiyo maana nikasema jina likumbuke. Serikali inamwona mwenye gari kupitia leseni ya usafirishaji. Inamwona dereva kupitia leseni ya udereva na faini za 30,000. Kampuni inaiona kupitia kamisheni. Hiyo karatasi moja ya upande mmoja inayoamua nani atakula na nani atalala njaa, katika miaka yote niliyosimamishwa barabarani sijaona aliyeniomba nimwonyeshe.

Kwa hiyo LATRA waliua biashara? Mimi sisemi hivyo, ingawa ningekuwa na haki ya kununa kuliko wengi wenu. Kuweka ukomo wa kamisheni si wazimu. Kenya kanuni zao za 2022 ziliweka asilimia 18. Na kampuni kuwa na nguvu ya kupanga bei na mkato peke yake ni hatari kwa kila mtu, abiria mkiwemo. Kosa ninaloliona ni kwamba mezani walikaa watu watatu wanaomtegemea dereva mmoja, yaani kampuni, muuza mafuta na tajiri, ikakatwa sahani ya yule mmoja anayeweza kuinuka akaondoka na sufuria. Baadaye mambo yakarekebishwa: kamisheni ikawekwa asilimia 25, na ada ya kuagiza safari asilimia 3.5, Uber wakarudi Januari 2023. Wakati huo mimi nilikuwa deiwaka, dereva wa kushikilia kwa siku, wa bajaji Tegeta.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba tufanye kama London, ambako Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua madereva wa Uber wahesabiwe kuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo. Uamuzi mzuri, nimeusoma. Lakini uniambie, ndugu: kampuni ikinilipa mimi likizo ya wiki mbili, tajiri atakubali gari lipumzike wiki mbili bila hesabu?

Turudi kwako na swali lako la tatu. Hesabu ya haki si namba moja. Kwa IST ya hali nzuri 25,000 kwa siku, siku sita za wiki, inabebeka, zaidi ya hapo unamfundisha dereva wako kulala usingizi kwenye usukani. Ila namba bila masharti yake ni mtego. Andika kwamba siku gari likiwa gereji kwa ubovu wake, hesabu hailipwi. Siku ya sevisi vilevile, na uitaje kwa kilomita, kila 5,000. Andika nani analipa faini gani: mwendo kasi na kupuuza taa za barabarani ni za dereva, tairi kipara na taa isiyowaka ni zako. Mtandao ukisimamishwa, kwa amri ya serikali au kwa hiari ya kampuni, mnakaa upya ndani ya siku saba na hesabu inajadiliwa. Kila akituma pesa mjibu kwa ujumbe kiasi kilichofika na kilichobaki, usiseme "poa" tu. Kama ni mkataba wa kumiliki, andika kiasi atakachorudishiwa endapo utalichukua gari njiani. Ukiona ugumu kuandika hilo, basi mwambie ni gari la kukodi, usimuahidi kadi. Na mkate bima kubwa ya biashara, gharama mgawane.

Mimi sasa nina Passo yangu, niliipata kwa pesa ya kikoba na shemeji yangu mmoja Mungu ambariki. Natoa asilimia 25 kila safari na bado jioni narudi na kitu, kwa sababu ile 30,000 ya kwanza ya siku haiendi mtaa wa pili.

Picha ya ule mkataba bado ninayo kwenye simu. Kesho nikilaza gari nitafuta majina niiweke hapa chini, uone kipengele kimoja kimoja ambacho hutakiwi kukinakili.