Rangi Imevuka Mstari, Tepu Haina Kosa

SWALI: Shikamoo fundi. Ninapamba mfuniko wa kisanduku cha mbao nyeupe. Nataka uonekane umetiwa njumu ya vipande vya mbao, ila kwa rangi tu. Nilichora jani, nikazungushia tepu ya karatasi, nikapaka rangi ya mbao ya kahawia, ile ya unga unaokorogwa kwa maji. Nilipobandua tepu, juu na chini mstari ulikuwa safi, lakini kushoto na kulia rangi imetoka nje, imeacha vinyweleo. Wenzangu wanasema ninunue tepu kali zaidi, au nichanganye rangi na vanishi. Nifuate lipi? Na mfuniko huu bado unaokoka?

JIBU: Marahaba. Usifuate hata moja. Swali hili hunifikia kila mara, na karibu kila anayeliuliza ameshauziwa jibu la tepu kabla hajafika kwangu. Wewe mwenyewe umeandika ushahidi wote: juu na chini safi, kushoto na kulia kumeharibika. Tepu ni ileile na mkono ulioibandika ni uleule. Ingekuwa imeachia, rangi ingetoka popote. Uzi wa mbao yako, yaani ile mistari ya nyuzi zake, umelala kushoto kwenda kulia, angalia utauona.

Mbao imejaa vijimirija vilivyokuwa vikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Mti umekatwa, vijimirija vimebaki, na tone la rangi likitua juu yake hunyonywa kufuata uzi haraka kuliko linavyoweza kuukata. Rangi yako ilipita ndani ya mbao, chini ya tepu, na hakuna tepu ya bei yoyote inayozuia kinachopita chini yake. Watu wamezoea rangi ya ukutani, ambayo hukaa juu na kukauka hapo, wakadhani ya mbao nayo ina tabia hiyohiyo. Haina. Kwenye kazi hii tepu inakusaidia kujua mkono uishie wapi, basi.

Kinachozuia rangi ni kisu. Mafundi wa njumu wa zamani nao walitia mbao rangi. Fra Giovanni da Verona, mtawa wa Italia wa karne ya 15 na 16, anasifika kwa kuchemshia vipande vyake kwenye rangi. Lakini kipande chake kilikuwa kimekatwa. Uzi uliishia ukingoni, kwa hiyo rangi haikuwa na pa kwenda. Wewe hukati kipande, basi angalau ukate uzi. Pitisha kisu chenye ncha kali juu ya mstari wote wa jani kabla ya kugusa rangi, kina cha kama nusu milimita, mara mbili kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Mkono mzito hufuata uzi na kukutoa kwenye mchoro, hasa kwenye kona ya ncha ya jani. Mkato huo una faida ya pili: ukishapakwa vanishi hubaki ufito mwembamba wa giza, na jicho huusoma kuwa ni kiungo cha vipande viwili. Bila ufito huo jani litaonekana limechorwa tu, hata rangi ikae vizuri namna gani.

Baada ya kukata, zimua shelaki (utomvu wa wadudu unaopakwa mbao kama vanishi) kwa spiriti ya pombe mpaka iwe nyepesi, uipake nje ya mstari na ndani ya mkato kwa brashi ndogo. Usiilete ndani ya jani, maana popote ilipogusa, rangi haitaingia. Ikikauka, paka rangi kuanzia katikati ya jani ukielekea ukingoni, na ukifika ukingoni brashi iwe karibu kavu. Pande zile za kushoto na kulia ndizo za kuogopa. Huko ifute brashi kwenye kitambaa kwanza. Anza na rangi nyepesi, za giza zifuate.

Hapa pana mtego. Shelaki inaizuia rangi yako kwa sababu rangi yako ni ya maji. Rangi ya unga inayokorogwa kwa spiriti itaiyeyusha shelaki na kupita. Atakayekuambia "paka shelaki" bila kukuuliza rangi yako imekorogwa kwa nini, huyo hajui anachokushauri.

Kuhusu kuchanganya rangi na vanishi: haitavuja sana, ni kweli, kwa sababu haitaingia sana. Utapata utando wa rangi juu ya mbao, uzi umefunikwa, na mng'ao wa mbao unaobadilika ukiinamisha mfuniko kwenye mwanga umepungua. Umaridadi wote wa njumu uko kwenye mng'ao huo.

Mfuniko wako unaokoka, ila si kwa kuufuta. Kama ni mbao nzima unaweza kukwangua na kupiga msasa mpaka vinyweleo viishe, kisha upige msasa mfuniko wote ulingane. Kama ni plaiwudi, au mbao iliyobandikwa ganda jembamba juu, usijaribu, utatoboa ganda kabla rangi haijaisha. Njia nzuri zaidi ni kulikubali doa. Kata mstari mpya nje ya vinyweleo, jani liwe pana kidogo, au acha jani lilivyo na uitie sehemu ya nje rangi ya giza zaidi inayomeza kilichovuja. Mfuniko wenye jani la kahawia na nje nyeusi unapendeza sana.

Nakuomba usiguse dawa ya kufulia inayong'arisha nguo. Najua utaambiwa, kwa sababu klorini iliyomo kweli huua rangi nyingi za unga. Lakini nayo ni maji, na itasafiri na uzi vilevile: utaishia na kinyweleo cheupe ndani ya jani badala ya cha kahawia nje yake. Wapo wanaoongeza amonia "ifanye kazi haraka". Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu, na watu huufanya chumbani, madirisha yamefungwa.

Hasira yangu inaishia kwa hawa. Kila kazi inayohitaji subira ina watu wanaouza njia ya mkato: gundi ya papo hapo ndani ya mstari (hunywewa na mbao ikaacha doa linalokataa rangi), kalamu za wino mzito (nyingi hufifia kwenye jua, na spiriti iliyo kwenye shelaki huzivuruga), na sasa potasiamu dikromati, chembechembe za rangi ya chungwa zinazotia baadhi ya mbao kahawia bila rangi. Kemikali hiyo husababisha saratani. Vumbi lake halifai kuvutwa, na maji yake hayafai kugusa ngozi. Anayekuelekeza uitumie mezani kwako bila kukuambia hayo, usimsikilize kwa lolote lingine.

Ukirudia kazi, jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ileile, kisu, shelaki, rangi, mpaka vanishi ya mwisho. Rangi ya maji ikikauka hufifia na kuonekana imekufa. Wengi hapo huongeza mkono wa pili na wa tatu, kisha vanishi inapopakwa jani linageuka jeusi. Kabla ya kuhukumu rangi, lowesha katikati ya jani la kipande hicho cha majaribio, pasipo shelaki, kwa spiriti kidogo. Utakachokiona kabla haijakauka ndicho utakachokipata chini ya vanishi.