Mbwa akiugua katikati ya ziwa

Ukitoka Entebbe kwenda visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na mbwa wako yumo ndani ya boti, jua kwamba daktari wa mifugo umemwacha nyuma. Visiwa ni 84. Meli ya abiria kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka huchukua kama saa tatu na nusu, nayo ni meli. Sisi wa boti za mbao tunakwenda kadiri mzigo na mawimbi yanavyoturuhusu. Kwa hiyo mbwa akiugua, nusu saa ya kwanza ni yako wewe, na wanaoanza kazi hii ya boti nataka waijue mapema kuliko nilivyoijua mimi.

Mbwa wangu wa kwanza aliitwa Jasiri. Asubuhi moja, tukitoka Bukasa, alimeza kipande cha samaki kilichobaki kwenye ndoano ya sangara. Nilimkuta anajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, mate yanamchuruzika, na uzi mweupe unaning'inia pembeni mwa mdomo. Nikaushika uzi, nikavuta. Nilidhani namsaidia. Ndoano ilikuwa imeshafika kooni, na kwa kuvuta nikairarua nyama iliyoishika. Ile sauti aliyoitoa ninaisikia mpaka leo. Alikufa kabla hatujauona mwalo, pale boti zinapotia nanga.

Basi ukiona uzi mdomoni, usivute. Wala usiukate karibu na meno, maana daktari anauhitaji ili aifuate ndoano ilipo. Uache mrefu, ufunge kwenye mkanda wa shingoni mwa mbwa asiumeze wote, usimpe chakula, kisha geuza boti. Kama ndoano imekamata mdomo wa nje tu na ncha unaiona, hapo unaweza: mwenzako amshike, wewe isukume mbele mpaka kijino chake cha nchani kitokeze, kikate kwa koleo, halafu irudishe shina ilikotoka. Koleo la kukata waya liwe ndani ya boti siku zote.

Kabla ya safari mpime uzito. Mizani ya samaki pale mwaloni inatosha kabisa: mweke kwenye gunia, mtundike, soma kilo, andika. Ukimpigia daktari kutoka kisiwani mtandao ukiwa unakatika, jambo la kwanza atakalouliza ni kilo ngapi, kwa sababu dawa nyingi hupimwa kwa uzito. Namba yake iandike kwenye karatasi na uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Simu huzama.

Jifunze pia kumsoma mbwa wako akiwa mzima. Inua mdomo wa juu utazame fizi: ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole, zitakuwa nyeupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au fizi zikiwa nyeupe, damu haizunguki vizuri na huna muda wa kupoteza. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo usishtuke ukiona limezidi la mtu.

Jua la mchana kwenye boti isiyo na kivuli huua mbwa. Akihema kwa nguvu, fizi zimekuwa nyekundu sana, anayumba, mweke kivulini umwagie maji ya ziwa tumboni, kwapani na kwenye nyayo, umpepee bila kuchoka. Usimfunike taulo lenye maji ukaliacha juu yake, linafungia joto ndani. Usimlazimishe kunywa.

Dawa za binadamu ziache mfukoni. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka, na dawa zetu nyingine za maumivu humtoboa mbwa tumbo. Akilamba petroli ya injini, usimtapishe. Petroli ikipanda tena inaingia kwenye mapafu.

Sasa neno gumu. Ziwa hili hupata radi na dhoruba kali usiku na alfajiri. Mbwa akiugua usiku ukiwa kisiwani na anga limefunga, usitoke. Nimewahi kukaa na mnyama kichwa chake kikiwa pajani mwangu mpaka kukakucha, na ningefanya hivyo tena, kwa sababu ndani ya boti kulikuwa na vijana wawili wenye mama zao. Mafuta ya kurudi yawe kwenye dumu lake, yasiguswe kwa safari nyingine.

Ukifika kwa daktari, mwambie saa tatizo lilipoanza, ulichompa, na kwamba mbwa ametoka visiwani. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Mbung'o, nzi wanaoeneza malale, bado wapo huku. Malale ndiyo yaliyofanya watu wahamishwe Ssese mwanzoni mwa karne ya 20, na mbwa naye huambukizwa vimelea vya jamii hiyo. Kama jicho lake limeanza kuwa na ukungu wa samawati, lionyeshe hata kama umekuja kwa ajili ya jeraha la mguu.