Maswali yenu: kujifunza programu za kazi kwa mchezo

Kazini wametuwekea alama na beji kwa kila anayejifunza programu ya majedwali. Mwanzoni watu walichangamka, sasa hakuna anayejali. Shida nini?

Beji si mchezo. Kinachomnasa mchezaji ni kuona papo hapo alichofanya kimeleta nini, kukosea bila kuaibishwa, na hatua inayofuata kuwa ngumu kidogo tu kuliko iliyopita. Mpeni mtu jedwali la mauzo ambalo jumla yake haikubali kwa sababu kuna tarakimu moja imeandikwa kama maandishi. Aitafute. Akiipata kwa kuchuja safu, yaani kuonyesha mistari anayoitaka tu, kuchuja ameshakujua na hakuna aliyemhutubia. Jedwali la pili liwe na mistari 3,000, macho yashindwe. Hapo fomula ataiulizia mwenyewe. Zawadi ziwe za mwisho, kama ni lazima. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionyesha kuwa watoto waliopenda kuchora, wakaahidiwa tuzo ili wachore, baadaye hamu yao ilipungua. Sioni kwa nini watu wazima wenye tai wawe tofauti sana.

Kuna kampuni kubwa iliyowahi kujaribu?

Microsoft. Mwaka 2010 ilitoa Ribbon Hero, nyongeza ya Office (programu zake za ofisini) yenye changamoto za kutatua, na mwaka uliofuata toleo la pili likamrudisha Clippy, yule msaidizi wa kwenye skrini mwenye umbo la kibanio cha karatasi, aliyewakera wengi tangu Office 97, safari hii akizunguka zama za historia. (Wazo la kumtumia huyo huyo aliyechukiwa nalipenda.) Uzuri wake ni kwamba mazoezi yalifanyika ndani ya Word na Excel zenyewe, si kwenye video ya kutazama. Na kabla ya hapo, Solitaire, mchezo wa karata wa Windows 3.0, mwaka 1990, iliwazoesha watu wengi kuburuta vitu kwa kipanya huku wakidhani wanapoteza muda.

Mama anaogopa kubonyeza, asije akaharibu. Nianzie wapi?

Ctrl na Z, vitufe vya kutendua ulichofanya. Mtengenezee nakala ya barua, mwambie aivuruge atakavyo, afute hata aya nzima, kisha airudishe. Mengine baadaye.

Tubandike orodha ya washindi ukutani?

Hapana. Aliye mkiani ndiye mnayetaka ajifunze, naye ndiye atakayeacha wa kwanza. Kila mtu ashindane na muda wake wa jana, na auone yeye peke yake.