Waache wafute wao: nilivyorudishiwa nauli ya tiketi "zisizorejeshwa" wakati wa korona

Januari 2020 nilikata tiketi tatu za ndege za kwenda Ulaya mwezi wa Aprili: yangu, ya mke wangu na ya mama. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaoa. Zilikuwa tiketi za daraja la bei ya chini, zenye maandishi madogo yanayosema nauli hairejeshwi. Niliyaona nikayapita. Ukienda harusini kwa mdogo wako huwazi habari za kughairi. Hoteli nayo nililipa yote mapema kwa sababu kulikuwa na punguzo kwa anayelipa mapema.

Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Hazikupita siku nyingi mipaka ikaanza kufungwa na harusi ikaahirishwa. Usiku mmoja wa wiki iliyofuata nilikaa mbele ya kompyuta, nimefungua ukurasa wa tiketi zetu, kitufe cha kughairi kiko mbele yangu. Ukurasa ulisema wazi kwamba nikighairi nitarudishiwa kodi za viwanja vya ndege tu. Nikajiambia, heri nusu shari kuliko shari kamili. Kabla sijabonyeza nikampigia shemeji yangu, ambaye amekatisha watu tiketi kwa miaka mingi. Hakunisikiliza hata nimalize.

"Shemeji, usiguse kitu hapo. Waache wafute wao."

Bila maneno hayo tungepoteza akiba ya karibu mwaka mzima, na ndiyo maana naandika haya. Maneno "hairejeshwi" yanamfunga abiria anayebadili nia. Hayampi muuzaji ruhusa ya kuchukua fedha kisha asitoe huduma. Ukighairi wewe, unahukumiwa kwa masharti ya tiketi yako. Shirika likifuta ndege, mara nyingi unahukumiwa kwa sheria, na sheria haijali kama tiketi ilikuwa ya bei ya chini au ya juu. Safari ni ileile, fedha ni zilezile, ila aliyetangulia kubonyeza ndiye anayebeba hasara.

Kwetu sheria ilikuwa Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Inamlinda abiria wa ndege yoyote inayoondoka katika nchi ya Umoja huo, na pia anayeelekea huko kwa shirika la Ulaya, kama tulivyokuwa sisi. Ndege ikifutwa, abiria ana haki ya kuchagua kurudishiwa nauli yake ndani ya siku 7. Mashirika yalipoanza kulemewa, Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo Machi 18 na kusema haki hiyo iko palepale hata wakati wa janga. Marekani nayo, Aprili 3, Wizara ya Uchukuzi iliyakumbusha mashirika kwamba safari ikifutwa na shirika lazima nauli irudi, hata kama chanzo ni amri ya serikali. Miaka miwili na ushee baadaye, Novemba 2022, wizara hiyo ilitangaza kwamba mashirika sita yamewarudishia abiria zaidi ya dola milioni 600. Wengi wao bila shaka walikuwa wameshakata tamaa.

Basi tukasubiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu kila siku unaona safari haiwezekani na bado tovuti inaonyesha ndege ipo. Nilikuwa nafungua ukurasa ule asubuhi na jioni na kuupiga picha ya skrini, yenye tarehe na saa. Ujumbe wa kufutwa uliingia siku tisa kabla ya safari. Kama wangetubadilishia tu muda, nisingekubali haraka pia, maana badiliko kubwa la ratiba nalo linaweza kukufungulia mlango wa kurudishiwa nauli. Kanuni mpya ya Marekani ya mwaka 2024 hata inataja kipimo: badiliko la saa 3 kwa safari za ndani na saa 6 kwa za kimataifa. Ukishabonyeza "nakubali ratiba mpya", mlango huo unaufunga kwa mkono wako.

Ujumbe wenyewe niusimulie vizuri, kwa sababu hapo ndipo watu wengi walipoteza haki yao. Juu waliomba radhi kwa lugha tamu. Katikati palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: pokea vocha yako sasa, pamoja na nyongeza ya asilimia 10. Vocha hiyo siyo fedha, ni hati ya kulipia safari nyingine ya shirika hilohilo. Neno "kurejeshewa" halikuwepo mpaka uteremke chini kabisa, baada ya matangazo na anwani, kwenye mstari wa kijivu wenye kiungo. Kiungo kile kilinipeleka kwenye ukurasa unaosema nipige simu, na simu ilikuwa haipokelewi. Mke wangu, ambaye ana subira kuliko mimi, alikaa na simu sikioni saa mbili na dakika kumi akipika, akikunja nguo, muziki wa kusubiri ukilia. Dada aliyepokea akamwambia mfumo wake unaruhusu vocha tu.

Usigombane na mtu huyo. Hakutunga yeye huo utaratibu, na mara nyingi kweli kompyuta yake haina kitufe unachokitaka. Mke wangu alimwomba mambo mawili tu: aandike kwenye faili letu kwamba tumekataa vocha na tumeomba nauli, kisha ampe namba ya kumbukumbu ya simu ile. Siku hiyohiyo tukatuma barua pepe fupi, isiyo na hasira wala historia ya harusi:

"Ndege hii mmeifuta ninyi, sikuifuta mimi. Siafiki vocha. Kwa mujibu wa Kanuni 261 ya mwaka 2004, ibara ya 5 na ya 8, naomba nauli yote irudishwe kwenye kadi niliyolipia, ndani ya siku 7. Vocha inaweza kutolewa tu kwa ridhaa ya maandishi ya abiria, na mimi sijaitoa."

Sentensi hiyo ya mwisho inatoka katika kanuni yenyewe, na nadhani ndiyo iliyobadilisha sauti ya majibu yao. Kama safari yako iko chini ya sheria nyingine, tafuta ibara yake uiandike kwa namba. Kama huioni, soma masharti ya usafirishaji ya shirika lenyewe, hati ndefu iliyofichwa chini ya tovuti. Karibu kila shirika lina kifungu kinachoeleza litafanya nini likifuta safari. Mnukulie maneno yake mwenyewe.

Siku 7 zikapita kimya. Tukatuma tena, barua ileile, tukiongeza mstari mmoja kwamba baada ya siku 14 tutaiomba benki irudishe muamala. Watu wengi hawajui kwamba ukilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, unaweza kupinga malipo ya huduma ambayo hukuipata. Huiombi benki huruma, unatumia utaratibu wa mtandao wa kadi. Muda huwa na ukomo, kwa kawaida siku 120, na kwa huduma ambayo haikutolewa huhesabiwa kuanzia siku uliyotarajia kuipata, siyo siku uliyolipa. Uliza benki yako mapema. Mhudumu wa kwanza kwetu alisema muda umekwisha kwa kuwa tulilipa Januari. Tukaomba kwa upole kuzungumza na kitengo cha kadi, na huko wakaelewa mara moja.

Walichotaka benki ni uthibitisho wa malipo, ujumbe wa shirika wa kufuta ndege, na barua zetu za kudai. Zile picha za skrini na namba ya kumbukumbu ya simu ndipo zilipolipa. Lakini angalia: kama umeshapokea vocha, benki itaona umepata mbadala uliouridhia, na dai lako litakufa. Na kama ndege iliruka bila wewe kwa sababu serikali yako ilikukataza kutoka, benki haitakusaidia, kwa kuwa huduma ilikuwepo. Hapo omba tarehe nyingine bila faini, na angalau dai kodi za uwanja ambazo hukuzitumia. Fedha za tiketi mbili, yangu na ya mke wangu, zilirudi kwenye kadi wiki ya kumi na moja.

Bima sikufaidi, na kosa lilikuwa langu. Niliikata mwisho wa Februari nilipoanza kuingiwa na hofu. Kampuni nyingi za bima zilikuwa zimeshaihesabu korona kuwa tukio linalojulikana tangu mwishoni mwa Januari, na bima hailipi hatari iliyokuwa inajulikana siku ulipoinunua. Nyingine zina kifungu kinachoyaacha nje magonjwa ya mlipuko moja kwa moja. Ipo bima inayokuruhusu kughairi kwa sababu yoyote ile. Ni ghali zaidi, hurudisha sehemu tu ya gharama, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 75, na lazima ikatwe siku chache baada ya malipo ya kwanza ya safari. Siku hizi mimi huinunua kwa safari kubwa.

Hoteli ilikuwa jambo jingine kabisa. Nyumba yenyewe ilikuwa wazi, aliyeshindwa kufika ni mimi, na kisheria sikuwa na nguvu. Wakati ule Airbnb, kampuni ya mtandaoni ya kupangisha nyumba kwa wageni, ilitangaza kuwarudishia wageni fedha zote kwa nafasi zilizowekwa kabla ya Machi 14 au siku hiyo, za kufikia kati ya Machi 14 na Aprili 14. Wenye nyumba walilalamika sana, mpaka kampuni ikatenga dola milioni 250 kuwafidia, asilimia 25 ya kile ambacho wangepata. Niliposoma habari hizo ndipo nilipofikiria kwamba mwenye hoteli yetu, familia moja yenye vyumba vichache, alikuwa na mikopo na wafanyakazi kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo sikumwandikia kwa vitisho. Nilimweleza harusi imeahirishwa, nikakiri kwamba masharti yako upande wake, nikampa njia tatu achague: anirudishie nusu, anitunzie nafasi kwa miezi 18 bila kuongeza bei, au aniruhusu nimpe mtu mwingine nafasi ile. Alijibu siku ya pili. Alichagua nusu, akaomba ailipe kwa awamu mbili, na alizilipa zote. Mtu mdogo ukimpa njia za kuchagua huja mezani. Ukimpa amri, husoma masharti yake na kunyamaza.

Iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa tiketi ya mama, kwa sababu tuliikata kupitia wakala wa mtandaoni. Shirika lilisema nenda kwa wakala, wakala akasema shirika halijatuma. Ukikwama hapo, liombe shirika likuandikie tarehe na namba ya muamala ambao lilitoa fedha kwa wakala. Kama halijatoa, litalazimika kusema hivyo, na utajua wa kumbana ni nani. Kwetu jibu lilionyesha fedha zilitoka Agosti. Nilimtumia wakala barua hiyo bila kuongeza neno, na nauli ya mama ikaingia baada ya siku nne, mwezi wa Oktoba.