Triathloni ya Kwanza: Baiskeli Baadaye, Maji Kwanza

Wanaotaka kuanza triathloni huniuliza kuhusu baiskeli. Ya bei gani? Ya gia ngapi? Nami nawarudishia swali: kuogelea unajua? Hapo mazungumzo hupoa. Mbio utajikongoja utafika, baiskeli ikikushinda utashuka usukume. Majini hakuna pa kukanyaga.

Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, saa haisimami. Ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ukaingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Wewe anza na nusu yake, inayoitwa sprinti: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Ironman, ambako mtu huogelea kilomita 3.8, akaendesha 180, kisha ndipo aianze marathoni, waachie wenyewe kwa sasa.

Mita 750 ni kuvuka bwawa la mita 25 mara 30. Usianze kuhesabu. Anza na pumzi: uso ndani ya maji, toa hewa yote, geuza kichwa, vuta. Wanaojifunza wengi hubana pumzi, na hiyo ndiyo inayowamaliza, si mikono. Siku utakayoogelea mita 100 ukatoka unaongea vizuri, hamia baharini. Huko hakuna mstari chini wa kukuongoza, kwa hiyo jizoeze kuinua macho kila baada ya mikono michache utafute boya. Sisi wa pwani tuna bahati ya maji ya uvuguvugu, lakini angalia saa za kupwa na kujaa: fukwe nyingi maji yakipwa hubaki mawe matupu. Nenda asubuhi, maji yamejaa, upepo haujashika. Na usiende peke yako, hata kama umekulia Kigamboni.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi: kanuni zinakuruhusu kuogelea mtindo wowote, hata chali, na kushika boya au mtumbwi wa waokoaji upumzike, mradi usiutumie kujisogeza mbele. Ukizidiwa, inua mkono.

Baiskeli, haya. Uliyonayo inatosha, ikiwa breki zinashika na fundi ameikagua. Pesa weka kwenye helmeti. Siku ya mashindano uifunge kabla hujaigusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha mahali pake. Wengi huadhibiwa kwa hilo tu. Mazoezi ya barabarani fanya Jumapili alfajiri, kabla daladala hazijachangamka.

Mara moja kwa wiki, shuka kwenye baiskeli uanze kukimbia papo hapo, hata dakika kumi. Miguu itagoma, utahisi umeazima ya mtu. Ni kawaida, huachia baada ya muda, na ni afadhali uizoee mtaani kwako kuliko mbele ya watu.

Asubuhi ya mashindano jipake mafuta ya mgando kwapani, shingoni na mapajani, maana chumvi na jasho huchubua. Usile kitu ambacho hujawahi kukila kabla ya mazoezi. Kisha tembea kutoka lango la majini hadi ilipo baiskeli yako ukihesabu safu. Ukitoka umelowa, moyo unadunda, baiskeli zote hufanana.